Mtu Asiye na Daraja Hachezi Daraja

"Hana daraja!" Bi Leokadia, Afisa Utumishi, aligonga meza kwa kitako cha kalamu. "Niseme mara ngapi? Mwalimu Obadia ni mstaafu. Mstaafu hana daraja. Na mtu asiye na daraja hachezi daraja. Kikao kiendelee."

"Hakiendelei," alisema Bi Sikudhani. "Mwalimu Obadia ndiye mwenzangu. Miaka kumi na moja nakaa naye meza moja, uso kwa uso. Ukimtoa yeye, umenikata mkono mmoja halafu unataka nipige makofi."

"Mama, usilete mambo ya mikono hapa. Mimi nasoma waraka."

"Na mimi nasoma matokeo. Nani alishinda mchujo wa taifa?"

"Matokeo hayana namba ya kumbukumbu," alijibu Bi Leokadia, akafungua jalada jingine.

Ugomvi huo ulianza saa mbili na nusu asubuhi katika ukumbi mdogo wa Kamisheni ya Mizania ya Uwakilishi, chombo kilichoundwa katika nchi moja yenye amani tele ili kuhakikisha hakuna mwananchi anayependelewa isipokuwa kwa utaratibu. Sasa ilikuwa saa nne kasoro. Mwalimu Obadia, ambaye ndiye aliyekuwa akijadiliwa, alisimama karibu na mlango akiwa ameshika kofia yake. Hakusimama kwa hasira. Viti vya ukumbi ule vilitolewa kwa vyeo: cha ngozi chenye magurudumu kilikuwa cha Kamishna, vya kitambaa vilikuwa vya maofisa, cha plastiki kilikuwa cha wenye stashahada kama Bi Sikudhani. Kiti cha mstaafu hakikuwamo kwenye orodha ya samani.

"Mwalimu, njoo ukae hapa kwangu," Bi Sikudhani alimwambia.

"Acha tu, Bi Siku. Nimesimama darasani miaka thelathini na minne. Hiki ni kipindi kimoja tu."

*

Bi Sikudhani Lwambano alikuwa mtunza stoo ya dawa katika hospitali ya wilaya, mama wa watoto watatu, na mtu asiyependa kuzungushwa. Katika stoo yake kopo lilikuwa na dawa au halikuwa na dawa. Hakukuwa na kopo lililokuwa katika mchakato. Jioni alicheza briji.

Briji ni mchezo wa karata. Watu wanne hukaa mezani, wawili dhidi ya wawili, na mwenzako hukaa mbele yako. Karata zako hakuna azionaye ila wewe. Kabla ya kucheza mnanadi: kila mmoja hutangaza yeye na mwenzake wataweza kula, yaani kushinda, mizunguko mingapi kati ya kumi na mitatu. Ukitangaza zaidi ya uwezo wako, unaadhibiwa. Kwa hiyo siri yote ya mchezo ni kumjua mwenzako hadi anapovuta pumzi, na kutosema usichoweza kutenda. Ndiyo maana serikali ya nchi ile ilikaa miaka mingi bila kujua kwamba mchezo huo upo.

Klabu yao ilikutana nyuma ya maabara ya shule. Bi Sikudhani alicheza na Mwalimu Obadia, na mapacha wawili wauza vitambaa, Kulwa na Doto, walicheza pamoja. Wanne hao walishinda mchujo wa wilaya, wa mkoa na wa taifa, na Shirikisho la Dunia likawaandikia barua ya kuwaalika mashindanoni. Nauli walikwisha changiwa na wanachama. Kilichobaki ni muhuri wa serikali tu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana barua ilikuwa ya kigeni na sheria ilitaka kila barua ya kigeni ipitie Baraza la Usafi wa Maneno. Baraza lilikaa siku tatu. Lilitamka kwamba "briji" ni neno chafu lililookotwa, na kwamba lugha yetu tukufu ina neno lake tangu enzi na enzi: daraja. Barua ikatoka upya, safi kabisa: "Timu ya Taifa ya Daraja."

Asubuhi iliyofuata Wizara ya Ujenzi ikaidai timu, kwa kuwa madaraja ni yake. Ikamteua Mhandisi Shomvi, ambaye alikuwa amesimamia madaraja sita, na mawili kati ya hayo bado yalikuwa yamesimama. Mchana Idara ya Utumishi ikaidai timu, kwa kuwa madaraja ya watumishi ni yake. Ikamteua Bi Leokadia. Ili pasiwe na mgongano, suala lote likapelekwa kwa Kamishna wa Mizania, Mheshimiwa Gervasi Nandule, mtu ambaye hajawahi kukataa suala.

*

Kamishna Nandule alikuwa amesinzia kidogo kwa ajili ya kutafakari. Sasa alifungua macho, akakohoa, na wote wakamgeukia.

"Ndugu wajumbe," alisema, "neno la msingi hapa ni haki. Haki ni nini? Haki ni mizania. Na mizania ni nini? Mizania ni kazi ya kamisheni hii. Nchi yetu ina kanda tano: Kanda ya Juu, Kanda ya Kati, Kanda ya Chini, Kanda ya Maziwa, na Kanda ya Waziri."

Kanda ya Waziri ilianzishwa mwaka uliopita, waziri wa michezo alipoteuliwa. Mipaka yake ilifuata uzio wa shamba lake, na wakazi wake walikuwa shemeji yake na ng'ombe.

"Kanda tano," aliendelea Kamishna, "lakini nafasi za kucheza nne. Ni nani aliyeweka nafasi nne? Je, huo si ubaguzi?"

"Ni meza, Mheshimiwa," alisema Bi Sikudhani. "Ina pande nne."

"Tumelizungumza hilo na wizara yangu," alidakia Mhandisi Shomvi. "Meza ya pande tano inajengeka. Upembuzi yakinifu miezi kumi na minane."

"Mashindano ni mwezi ujao."

"Basi wameharakisha mno mashindano," alisema Mhandisi kwa masikitiko.

Bi Sikudhani alivuta pumzi. Saa ya ukutani ilisema saa nne na robo. Fomu ya Shirikisho ilikuwa wazi kwenye kompyuta ya Kamishna, na ingejifunga saa sita kamili mchana. Bila sahihi ya kapteni aliyeshinda mchujo, haikupokelewa. Kapteni huyo alikuwa yeye. Ndiyo maana walimwita, ndiyo maana walimwandalia hata kiti cha plastiki.

"Nisomeeni orodha yenu," alisema.

Bi Leokadia akasimama, akasoma kwa sauti ya kutangaza msiba wa kitaifa. Kanda ya Chini: Bi Sikudhani Lwambano. Kanda ya Maziwa: Kulwa. Doto ameondolewa, kwa kuwa kuteua watu wawili waliotoka tumbo moja ni upendeleo wa kifamilia.

"Lakini wanacheza pamoja!" alisema Bi Sikudhani. "Ni jozi!"

"Ndiyo ushahidi wenyewe wa upendeleo," alisema Bi Leokadia, akaendelea. Kanda ya Kati, badala ya Doto: Mhandisi Shomvi. Kanda ya Juu, badala ya Mwalimu Obadia asiye na daraja: Mheshimiwa Kamishna mwenyewe, Daraja la Kwanza Mwandamizi. Kanda ya Waziri: shemeji wa Mheshimiwa Waziri, mchezaji wa akiba, ambaye atasafiri mbele ya wenzake ili kuzoea hali ya hewa.

"Mheshimiwa utacheza na mimi?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Kwa unyenyekevu mkubwa," alisema Kamishna. "Nimeambiwa kuna nafasi moja katika mchezo huu ambapo mtu huweka karata zake zote mezani, halafu hukaa kimya asifanye lolote mpaka mwisho, na bado huhesabiwa kuwa amecheza."

"Ipo. Anaitwa bubu. Inategemea na mnada, si nafasi ya kupewa."

"Nipewe hiyo. Nina uzoefu nayo wa miaka thelathini serikalini."

Mwalimu Obadia aligeuza uso ukutani, mabega yakamtikisika. Bi Sikudhani hakucheka. Alikuwa anafikiria jioni za miaka kumi na moja, mwalimu huyu akija kwa baiskeli, na mvua ikinyesha akija hivyo hivyo, akikunja suruali na kusema, "Gawa, Bi Siku." Hakuwahi kumwuliza mzee huyo alikuwa wa kanda gani. Sasa hivi ndipo alipogundua kwamba hajui.

"Bi Sikudhani," alisema Kamishna kwa upole wa baba, "wewe jina lako limo. Hujaonewa. Tia sahihi tu, uende ukapande ndege. Huyu mzee tutampa cheti cha ushiriki wa kiroho."

"Bi Siku, tia," alisema Mwalimu Obadia kutoka mlangoni. "Nenda wewe. Mmoja akifika tumefika wote."

"Mwalimu, nyamaza tafadhali."

"Mimi nasema tu."

"Na mimi nasema unyamaze." Akawageukia wajumbe. "Fomu inataka niape kwamba timu hii ni sahihi. Siwezi kuapia kitu ambacho sijakiona. Tucheze mkono mmoja, mgao mmoja tu wa karata. Hapa hapa, sasa hivi. Mimi na Mheshimiwa, Mhandisi na Bi Leokadia."

Kamishna aliwatazama wenzake. Hakuna aliyekuwa na waraka unaokataza.

"Nimecheza arubastini tangu sekondari," alisema. "Leteni karata."

*

Bi Sikudhani alichanganya karata zake mwenyewe, akamwomba Bi Leokadia akate. Bi Leokadia alikata, akaandika kwenye daftari kwamba amekata. Kisha karata zikagawiwa, kumi na tatu kumi na tatu.

"Simama!" alisema Kamishna baada ya kuzitazama zake. "Mimi sina ree, karata kubwa kuliko zote, hata moja. Nani ana ree?"

"Hatuulizani, Mheshimiwa."

"Ninazo tatu," alisema Mhandisi Shomvi kwa kiburi.

"Tatu! Mtu mmoja wa kanda moja ana ree tatu, na Kanda ya Juu haina hata moja? Huu ni mgawanyo wa haki huu? Andika, Bi Leokadia: kuanzia sasa kila mchezaji apewe ree moja, wafalme wagawanywe kwa kuzingatia idadi ya watu, na hii habari ya turufu, ya rangi moja kuwa juu ya nyingine, ipelekwe kwa mwanasheria tuone kama haivunji katiba."

"Imeandikwa."

"Bi Sikudhani, sasa onesha zako. Mimi ni mwenzako. Serikali haina siri na wananchi wake."

"Na zako utanionesha?"

"Zangu ni nyaraka za serikali."

Bi Sikudhani alizishika karata zake karibu zaidi na kifua. "Tunanadi. Mheshimiwa uanze. Unatangaza mizunguko mingapi?"

"Inayowezekana ni mingapi?"

"Kumi na mitatu yote."

"Basi kumi na mitatu yote."

"Mheshimiwa, umesema huna ree. Ulichonacho ni nini cha kukupa kumi na mitatu?"

"Mama, serikali haitangazi lengo dogo. Wananchi watatuelewaje?"

"Na tukikosa?"

"Tutatangaza kwamba tumevuka."

Mhandisi Shomvi hakutaka wizara yake iachwe nyuma. "Kumi na minne," alisema.

"Ipo kumi na mitatu tu, Mhandisi."

"Wa kumi na nne utakuja awamu ya pili."

Zamu ya Bi Leokadia ilipofika, alichomoa karata moja, akaiweka mezani kifudifudi, akaikandamiza kwa kiganja. Bi Sikudhani alimwambia bado hawajaanza kucheza, wananadi. Bi Leokadia alisema anafahamu. Karata hiyo ameitanguliza iwe inasubiri, kwa sababu yeye hawezi kuitoa wala kuirudisha mpaka mkuu wake aipitishe, na mkuu wake yuko semina.

Wakasubiri dakika sita, kwa sababu Kamishna alisema kwamba kusubiri ni sehemu ya utawala bora. Katika dakika ya saba alikohoa mara mbili, akamkonyeza Bi Sikudhani, akajikuna sikio la kulia.

"Unafanya nini, Mheshimiwa?"

"Nakupa ishara. Kikohozi ni shupaza, sikio ni kopa."

"Huo ni wizi. Mashindanoni wanatufukuza siku ya kwanza."

"Wizi!" Kamishna alishika moyo wake. "Mimi naita uratibu."

Ikawa saa tano kasoro. Mkono haukuchezwa. Hata mzunguko mmoja haukuliwa. Kamishna alisimama na kuutangaza mchezo kuwa umefana, huru na wa haki, na matokeo yangetolewa baada ya kuhakikiwa. Kisha chai ikaingia, na vitumbua, navyo vikagawiwa kwa vyeo.

*

Bi Sikudhani hakugusa chai. Alivuta kompyuta upande wake akaanza kuisoma ile fomu kwa makini, mstari kwa mstari, kama alivyozoea kusoma karatasi ya kopo kabla ya kulipokea. Mwalimu Obadia alikuja kusimama nyuma yake, akavaa miwani.

Chini kabisa, juu ya nafasi ya sahihi, paliandikwa: *Mimi, kapteni, nathibitisha kwamba timu hii inaiwakilisha nchi yake kwa haki.*

Aliisoma mara ya kwanza. Akaisoma mara ya pili, akamtazama Kamishna, aliyekuwa akila kitumbua cha nne huku akieleza jinsi alivyocheza vizuri. Akamtazama Mhandisi, aliyekuwa akichora meza ya pande tano kwenye kitambaa cha mkono. Akamtazama Bi Leokadia, aliyekuwa bado ameikandamiza karata yake kwa mkono wa kushoto na kunywa chai kwa wa kulia.

"Mwalimu," alisema polepole, "tusome huu ukurasa wa pili."

Ukurasa wa pili ulikuwa wa mashindano mengine, yanayofanyika mji ule ule, juma lile lile: mashindano ya timu huru. Watu wanne wowote, kutoka popote, wanaingia kwa majina yao. Hakuna bendera, hakuna muhuri, na sehemu ya kujaza nchi haimo. Sharti lilikuwa moja: usiwe umeandikwa kwenye timu ya taifa lolote.

Mwalimu alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Bi Siku. Bila bendera?"

"Bila bendera."

"Wimbo wa taifa hautapigwa hata tukishinda."

"Najua." Watoto wake watatu walikwisha jifunza kuimba wimbo huo wakiwa wamesimama mbele ya televisheni, tayari kwa siku hiyo. "Utakuja?"

"Na wewe unauliza?" alisema Mwalimu Obadia. "Karata ni zile zile."

Bi Sikudhani akatoa simu yake, akawapigia mapacha. "Kulwa? Mpe na Doto asikie. Mnataka kucheza pamoja bila nchi, au mmoja acheze na nchi bila mwenzake?" Alisikiliza. Upande wa pili walijibu wote wawili kwa neno moja: "Pamoja!" Kwa simu yake mwenyewe akajaza majina manne kwenye ukurasa wa pili, akabonyeza, na jibu likarudi kabla Kamishna hajamaliza kumeza: *Mmepokelewa. Karibuni.*

Ndipo akasimama.

"Mheshimiwa Kamishna, nimekubali. Nitatia sahihi."

Ukumbi ukapiga makofi.

"Ila mimi na Kulwa tunajitoa. Nafasi ya Kanda ya Maziwa apewe Bi Leokadia, anatoka huko. Nafasi yangu apewe shemeji wa Waziri, asibaki akiba mtu mzito kama yule."

Kamishna alifurahi, halafu akashtuka. "Na Kanda ya Chini? Itakuwa haina mtu."

"Kanda ya Chini imezoea, Mheshimiwa."

"Hilo ni kweli," alisema Kamishna, akatulia.

Bi Leokadia alimtazama kwa mashaka. "Mama, tangu asubuhi unatusumbua na jozi, na mchujo, na mwenzangu mwenzangu. Sasa umelegezwa na nini?"

"Na hii sentensi." Bi Sikudhani aligeuza kompyuta ili wote waione. "Mimi nilidhani wanataka timu ya kushinda. Kumbe wanataka timu inayoiwakilisha nchi kwa haki. Sasa, tukienda sisi wanne tukakaa pale, tukatangaza kile tu tunachoweza, tukamwamini mwenzetu bila kuona karata zake, walimwengu watadhani hivyo ndivyo tunavyoendesha mambo huku. Utakuwa udanganyifu. Lakini nyinyi? Mnatangaza kumi na mitatu mkiwa mikono mitupu. Mnadai kumi na minne palipo na kumi na mitatu. Karata moja inasubiri mtu aliye semina. Mnakonyezana. Na mkimaliza bila kucheza mnajipigia makofi. Wageni wakiwatazama kwa dakika kumi tu, wataijua nchi yetu yote, kanda zote tano, bila kupanda ndege."

Mhandisi alimtazama Kamishna ajue kama inafaa kukasirika. Kamishna alikuwa ameweka mkono kifuani, na macho yamemlegea kwa machozi.

"Sijawahi," alisema, "katika utumishi wangu wote, kusikia mtu wa daraja la chini akiielewa kamisheni hii kiasi hicho. Bi Leokadia, iandike hotuba hiyo. Neno kwa neno. Nitaisoma kwenye ufunguzi."

"Neno kwa neno, Mheshimiwa?"

"Usiache hata moja."

Bi Leokadia akaanza kuandika. Bi Sikudhani akaketi tena kwenye kiti chake cha plastiki. Akajaza majina manne, akihakikisha kila herufi: Nandule, Shomvi, Leokadia, na shemeji, ambaye hakuna aliyejua jina lake, kwa hiyo akaandikwa Shemeji. Miaka kumi na tisa alikuwa akitia sahihi karatasi za serikali, na nyingi kati ya hizo alizitia huku amegeuza moyo pembeni. Hii aliitia akiwa ameitazama.

Akabonyeza.

Saa ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Kwenye kioo likatokea neno la shukrani kutoka Shirikisho la Dunia, na Kamishna akaagiza lichapishwe nakala sita.

Bi Sikudhani alisimama, akakisukuma kiti cha plastiki mpaka mlangoni na kukiacha hapo. Akamshika Mwalimu Obadia kiwiko.

"Twende, Mwalimu. Mapacha wanasubiri, na wewe ndiye wa kugawa."

Wakatoka.